Pimbi Asubiri Zamu Sebuleni Kwake

Palikuwa na Pimbi, bingwa wa kukusanya, mvivu wa kupanga. Kompyuta yake ya sebuleni ilijaa filamu na video za harusi ya bintiye, zote shaghalabaghala. Tovuti moja ikamwambia, "Tupe nywila tukupangie bure." Akawapa, na kufumba na kufumbua kila kitu kikakaa mahali pake.

Kesho yake Nyumbu asiyemjua akamsimamisha njiani. "Hongera, mama. Harusi ilifana, mpaka ulipojificha jikoni ukilia."

"Wewe umeiona wapi?"

"Kwenye kompyuta yako. Kwetu ng'ambo ya mto sote tunaangalia humo."

Pimbi akarudi nyumbani, akaiwasha kompyuta. Skrini ikaandika: "Watazamaji wamejaa. Mgeni, subiri zamu yako."

Pimbi akaitazama sebule yake, akayasoma tena maandishi, kisha akavuta kigoda, akakaa kusubiri.