Taa Mpya za Uchochoroni

Taa mpya za barabarani ziliwaka jioni ile, na uchochoro mzima ukalipuka kwa vigelegele. Mjane alisimama mlangoni, mkono ungali kwenye komeo.

Miaka yote uchochoro ulikuwa giza totoro, kwa hiyo kila mpita njia alijitaja asije akagongana na mwenzake: "Ni mimi!" Marehemu mumewe tu ndiye aliyesema, "Ni sisi," hata akiwa peke yake, naye akimjibu kwa utani, "Karibuni nyote."

Tangu wamzike, mdogo wa marehemu alipita hapo kila jioni akitoka kazini. Sauti yake na ya kaka yake ni ile ile. "Ni sisi," alisema gizani, na mjane akajibu kutoka ndani, bila kufungua mlango, "Karibuni nyote."

Leo alikuja anaonekana mwili mzima: mfupi, kipara kinang'aa, mkate kwapani. Akampungia mkono, akapita kimya.

"Shemeji, mbona husemi?"

"Na mataa yote haya? Si unaniona, shemeji?"

"Nakuona," alisema mjane, akafumba macho. "Haya, sema."