Kioo cha Tatu

"Gundi bado," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Nikikifunga sasa hivi, kioo kitakaa upande."

Mwenye kinanda akatazama saa ya ukutani kwa mara ya kumi, au ya kumi na tano, nani anahesabu. Alipoingia saa tatu asubuhi, Ijumaa hiyo, aliambiwa nusu saa tu. Sasa saa tano ilikuwa inabisha hodi, na kinanda chake cha umeme bado kilikuwa kimelala kifudifudi mezani, tumbo wazi, skrubu zake kwenye kisahani.

Alikuwa amekaa kwenye kibenchi, spika mbovu kulia, ukuta kushoto, na meza ya fundi imemgusa magoti. Kutoka hapo ilibidi meza isogezwe, na fundi alishasema meza ikitikisika kioo kimekwenda na maji.

"Mara mbili zilizopita ulimaliza chapuchapu."

"Mara mbili zilizopita kilivunjika kistaarabu. Safari hii shemeji huko nyumbani amekitwanga kweli."

"Kimemponyoka."

"Haya, kimemponyoka. Nani kabisha?"

Mtu mwingine angeacha kinanda pale, akaenda zake, akarudi jioni. Yeye, thubutu! Hajawahi kuacha kitu chake mikononi mwa mtu. Hata kwa kinyozi, yeye ndiye aliyemkodolea kinyozi macho kwenye kioo mpaka mwisho. Mafundi hawa, ukigeuka tu, wanachomoa kizima wanachomeka kibovu.

"Nina mgonjwa nyumbani, ndugu yangu," akasema, sauti ikilainika. "Mke wangu. Kichwa chake si kizuri tangu mwaka juzi. Hiki kinanda ndicho kinachomtuliza. Akikikosa anapiga mlango, analia, majirani wanaanza kuuliza maswali."

"Masikini. Na sasa hivi yuko na nani?"

"Peke yake. Nimemfungia asije akatoka akapotea. Hata chai hajanywa, ananisubiri mimi."

Fundi aliacha kazi, akamtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Sasa likitokea la kutokea, bosi, nani atamfungulia?"

Swali lile lilimwingia. Aliona moshi, aliona jiko, aliona mkewe amelala sakafuni. Mkono ukaingia mfukoni ukaushika ufunguo. Upo. Akajituliza: madirisha yote yana nondo, mlango una kufuli mbili, hakuna mwizi wa kuingia mle.

"Basi fanya haraka," akasema. "Nakuomba."

"Nafanya." Fundi akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo kipya taratibu, pembe moja baada ya nyingine, kama anamwogesha mtoto mchanga. Akapuliza. Akakiinua kwenye mwanga. Akafuta tena. Mwenye kinanda alitamani kupiga kelele.

Ajabu ni kwamba kibanda cha pili kilikuwa kimya. Siku zote mchomeleaji vyuma wa jirani hupiga kelele mpaka watu wanaongea kwa ishara. Leo alikuwa amepita mlangoni asubuhi ileile, mashine ya kukatia chuma imefungwa nyuma ya pikipiki.

"Naenda kwenye ile kazi," alimwambia fundi. "Saa moja inanitosha."

"Chukua hata mbili. Usije ukamkata mtu."

Walicheka wenyewe. Mwenye kinanda hakuona cha kuchekesha.

"Nyimbo zake zote zimo," fundi alisema sasa, akiunganisha utepe wa waya. "Kioo kinavunjika, kumbukumbu inabaki. Kila wimbo shemeji anaupa jina. Hujawahi kuyasoma majina hayo?"

"Mimi na makelele yale? Nilinunua tu. Hata kukiwasha sijui."

"Ee," alisema fundi. "Nilidhani hivyo."

Saa tano na robo pikipiki ilinguruma nje, ikazimika. Mchomeleaji akasimama mlangoni, nyusi nyeupe kwa vumbi, mashine mkononi.

"Nondo sita," alisema. "Nene hizo, we acha tu! Lakini zimetoka. Mwenyewe kanishukuru mpaka akalia. Nimemwacha stendi."

"Afadhali," fundi akasema, na pumzi ikamtoka ndefu. Halafu, bila hata kuigusa: "Kumbe gundi imekauka!"

Skrubu nane zilirudi mahali pake kabla mwenye kinanda hajamaliza kusema alhamdulillahi. Kinanda kikageuzwa, waya ukachomekwa, kioo kikawaka bluu safi. Mwenye kinanda akainuka nusu, magoti yakagonga meza.

"Nipishe basi nitoke."

"Kwanza hakikisha kazi, bosi. Nimekufungulia orodha ya nyimbo. Isome mwenyewe, tena kwa sauti, kesho usije ukaniambia kuna herufi hazionekani."

Hapo alikuwa amemshika pabaya. Mtu wa kukagua hakatai kukagua. Akainama, akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kusoma kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha madaftari.

"Wimbo wa kwanza: FUNDI NIMEFUNGIWA. Wa pili: NYUMBA IPI."

Akasita. Mchomeleaji hakuwa ameondoka mlangoni.

"Endelea," fundi alisema.

"Wa tatu: GETI JEUSI DIRISHA LA NYUMA. Wa nne..." Akamtazama mchomeleaji. "Wa nne: VUNJA TENA IJUMAA NITAMKALISHA HAPA."

"Umebaki mmoja, bosi."

Alisogeza kidole, mkono wa pili ukiushika ufunguo mfukoni: NAVUNJA SASA.