Kinu Langoni

Chande, mlinzi wa ghorofa aliyezoea kufukuza hata kuku wa majirani, asubuhi hiyo alisema kwa upole, "Karibu mama, pita tu." Lango alilolifungua lilikuwa limetobolewa jana kwenye ukuta unaotenga nyumba za manispaa na ghorofa jipya. Bi Mwanahawa, mkazi wa nyumba za manispaa, hakupita. Alilitazama kama mtu anayenusa samaki kabla ya kuuliza bei.

"Leo mkaguzi anakuja," alieleza meneja wa ghorofa. "Tunaomba cheti cha jengo linalojali mazingira. Wanataka mradi uwe na nyumba za watu wa kipato cha chini. Ndizo hizi zenu."

"Hizi ni za manispaa. Nyinyi mmejenga nini huku?"

"Lango likiwa wazi, mama, sote ni mradi mmoja."

"Na likifungwa?"

Meneja akajifanya anapokea simu.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mpole mwenye kofia ya ujenzi. Alilitazama lango, kisha akamgeukia Bi Mwanahawa. "Hapa huwa wazi siku zote?"

Bi Mwanahawa aliingia ndani kwake, akatoka akibingirisha kinu. Akakisimamisha katikati ya lango, akatia kisamvu.

"Kuanzia leo," alijibu, akaanza kutwanga.

Gari la mkaguzi liliondoka. Kisamvu kilikuwa kimeshalainika kabisa, lakini mchi uliendelea kupanda na kushuka. Bi Mwanahawa hakumwondolea macho Chande, aliyesimama kando akingoja, kufuli mkononi.