Sauti Iliyorudi

Saratani ya koo haina adabu: ilipong'olewa, iliondoka na sauti ya mzee. Tangu hapo, akimtaka mkewe, hugonga meza kwa pete yake ya ndoa: ngo, ngo. Mkewe humtupia jicho, wakaelewana.

Leo mtaalamu wa hospitali amewaletea simu iliyofundishwa kusema kama mzee, kwa rekodi zake za zamani. Anachoandika, simu inatamka.

"Nimekwisha!" mkewe alicheka. "Mwaka mzima nimeshinda kila ugomvi humu ndani, leo mnamrudishia mdomo?"

Mzee aliandika polepole, kwa kidole kimoja. Simu ikatamka, kwa sauti nzito ile ile ya zamani: "Mama watoto, umependeza."

Kicheko kikamkatikia mkewe. Machozi yakamlengalenga. Akaichukua simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso wake.

"Sema tena, mume wangu," akaiambia.

Mzee alikuwa ameketi ubavuni pake, magoti yao yakigusana. Akangoja mkewe amgeukie. Hakugeuka.

Basi akanyoosha mkono taratibu, akaizima simu.

Ngo, ngo.