Sauti ya Baba Saumu

Siku hizo kila aliyegundulika kuwa na kisukari alivishwa bangili ya kupima sukari, na bangili ilisema kwa sauti ya mtu ambaye mgonjwa humsikiliza kuliko wote. Bi Mwatime alimtaja marehemu mumewe, Mbwana. Zahanati ikaipata sauti yake kwenye simu ya zamani.

Sukari ikiwa sawa, bangili ilinyamaza. Bi Mwatime akaacha chai ya maziwa, na badala ya visheti vya saa kumi akawa anatafuna karanga chache. Nyumba ikawa kimya.

"Hongera, mama," alisema bintiye, Saumu. "Wiki nzima haijakukemea."

"Ndiyo, mwanangu," akajibu, huku akitazama pembeni.

Saumu alipokwenda sokoni, Bi Mwatime alitoa kopo la visheti mvunguni mwa kitanda. Akala kimoja, cha pili, cha tatu, kisha akakaa mkekani, akatega sikio.

"Mwatime!" bangili ikaita baada ya kitambo. "We mwanamke, umekula nini tena?"

"Visheti, baba Saumu." Alicheka, machozi yakimtoka.

"Acha basi. Inuka utembee kidogo."

Akala kingine. Sukari ilipozidi kupanda, sauti ikalegea, ikaanza kubembeleza. "Nakuomba, mke wangu. Nakuomba sana."

Miaka yote ya ndoa yao Mbwana hakuwahi kumwomba kitu. Hata maji ya kunywa alikuwa akiagiza tu. Bi Mwatime akapangusa vidole kwenye kanga, akalivuta kopo karibu.