Chai ya Chumvi

Katika meli ile ya watalii iliyopanda na kushuka mto Danube, kila mhudumu wa mezani alivalishwa nyuma ya sikio kidude cha kumwondolea hasira, mgeni asije akakunjiwa uso. Wafua nguo wa chini hawakuvalishwa, nani angewaona? Ndiyo maana Mize, mfua nguo, alianza kumshuku mumewe Faki, mhudumu, kwamba hata baada ya kazi hakivui kidude chake. Vyombo kabatini havikosi kugongana, nao tangu Pemba waligombana na kupatana. Sasa kazi ya mume ni kutabasamu tu.

Alhamisi moja jioni, chumbani mwao, Mize alitia chumvi katika chai badala ya sukari. Faki akanywa.

"Tamu, mke wangu. Ahsante sana."

"Tamu? Faki, mimi si Mzungu wako wa meza ya dirishani! Basi nashuka Vienna, narudi kwetu Wete."

"Safari njema, mke wangu. Ukihitaji lolote, niite."

Mize akasimama. "Kivue hicho kidude, unitukane kama zamani!"

Faki akageuza kichwa, akamwonyesha sikio tupu.

"Nilikivua Jumapili," akasema kwa upole, akaimaliza chai yake.