Kuvumwani Chungu ya Svetozar

Daktari Tihomir alikuwa amepiga magoti akiramba jiwe la kaburi la Svetozar Lazić, mara akasikia ndoo ikitua nyuma yake.

"We mwanangu! Njaa gani hiyo ya kula makaburi?"

Aligeuka, ulimi bado uko nje. Bibi wa miaka sabini na kitu alikuwa amesimama, kitambaa kichwani, brashi ya waya mkononi. Ndooni mlikuwa na jiki. Kesho ilikuwa Jumamosi ya Wafu, na kijiji kizima kilikuwa makaburini kikisugua.

"Samahani, bibi. Naonja tu. Hii ni kuvumwani." Alimwonyesha ukoko wa kijivu, mpana kama kiganja, uliojibandika jiweni pale baada ya 1949 na kistari chake. "Ni kuvu na mwani, wameoana wanaishi mwili mmoja. Jamii hii huwa haina ladha. Lakini hii ni chungu kama shubiri!"

"Ndoa ndiyo zilivyo," alisema bibi. "Mimi Persida, mke wa huyu. Sogea nisugue."

"Loo, pole sana, bibi."

"Nimeshazoea."

Tihomir alilikumbatia jiwe. Miaka ishirini ya utafiti alikuwa akipanga kuvumwani kwenye bahasha na kuandika majina ya wagunduzi wengine. Yeye mwenyewe hakuwa na hata moja, na jambo hilo lilimuuma. Tangu jana alikuwa amekagua kila kaburi, kila ukuta wa kanisa na kila mplamu. Nyingine kama hii hakuiona. Brashi ikipita mara mbili tu, imetoweka duniani.

Alichovya kijiti kwenye jiki ya bibi, akaigusa kuvumwani pembeni. Pakawa pekundu pale pale. Daktari mzima akatokwa na machozi.

"Mpya! Bibi, chungu halafu jiki inaigeuza nyekundu: hii haimo katika kitabu chochote!"

Persida aliinama kuitazama. "Haifanyi kazi, imeng'ang'ania mahali pamoja, na ukiigusa kidogo inawaka. Ni Svetozar mtupu."

"Basi nitaipa jina lake!" Tihomir alidakia, ingawa jina alilokuwa ameliweka akiba miaka yote lilikuwa la mama yake mzazi. Akachomoa karatasi ya idara ya hifadhi. "Tia sahihi hapa, na mumeo atajulikana dunia nzima. Ila jiwe lisiguswe miaka hamsini. Si brashi, si jiki, si patasi."

"Hata kuongeza maandishi?"

"Hata nukta. Ni faini na kifungo."

Bibi Persida aliukodolea macho ule ukoko. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika kiuno. Tihomir alimwonea huruma. Msiba humpata kila mjane kwa namna yake. Alimsubiri atulie, akampa kalamu, naye akatia sahihi.

Bibi aliokota ndoo yake, akageukia barabarani, ambako gari kuukuu lilikuwa likinguruma na moshi wa sigara ukitoka dirishani.

"Svetozar!" alipaza sauti. "Zima hiyo sigara, mzee! Jiwe ulilojichongea mapema haliongezwi mwaka: serikali imekukataza kufa miaka hamsini!"